Chord DAVE sebuleni kwangu: DAC ya bei ya gari, nilivyoipima kwa masikio

Jamaa yangu aliyekaa Uingereza miaka mingi amerudi nyumbani moja kwa moja, vitu vyake vimekuja na kontena, nyumba yake Kigamboni bado mafundi wamo ndani wanapiga skimu na rangi, vumbi kila kona, kwa hiyo mashine zake za muziki kaziacha kwangu mpaka mambo yakae sawa. Kati ya hizo kuna Chord DAVE. Wanaofuatilia mambo ya sauti jina hilo wanalijua, wasiolijua niseme tu hii ni DAC iliyotoka 2015 ikiuzwa karibu pauni 8,000, yaani zaidi ya milioni 25 za kwetu, na hapo hujapata spika wala amplifaya ya kuzisukuma, umepata kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti basi. Kwa hela hiyo mtu anachukua IST nzuri na chenji inabaki. Ruhusa nilipewa kabisa, aliniambia "itumie kaka, usiiache kwenye boksi na unyevu huu wa pwani". Basi nimeitumia, na naandika kwa sababu kila nikisoma habari za hizi DAC za bei kubwa nakuta sifa zile zile, sijui mwimbaji yupo chumbani, sijui kuna hewa kati ya vyombo, halafu mwandishi hasemi kalinganisha na nini wala volyumu ilikuwaje. Na hilo la volyumu kwangu ndiyo kiini cha mambo yote.

Kwa ambao ndiyo wanaanza: muziki ukiwa kwenye simu, kwenye CD au unatoka intaneti ni namba tu. CD ina namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, kila namba ya biti 16, na utaratibu huo upo tangu CD ilivyoingia sokoni 1982. Spika haijui namba, inajua umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo lazima kuwe na kitu katikati kinachozichukua hizo namba na kuchora upya wimbi la umeme, kitu hicho ndiyo DAC. Kila mtu anayo. Ipo kwenye simu, kwenye TV, kwenye king'amuzi, kwenye sabufa ya Bluetooth ya kinyozi. Ile kebo fupi ya Apple ya kuchomekea earphone kwenye tundu la USB-C, Marekani inauzwa dola 9, ndani yake kuna DAC nzima kabisa na walioipima kwa vifaa vya maabara wamekuta ni safi mno kwa bei ile. Kwa hiyo swali siyo kama unahitaji DAC, unayo tayari, swali ni ukitoka kwenye dola 9 ukaenda kwenye pauni 8,000 sikio lako linapata nini cha ziada.

Sasa DAVE yenyewe. Chord Electronics wapo Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kiwanda chao kipo kwenye jengo la zamani la pampu za maji karibu na mto Medway. DAVE ni bonge la alumini la kilo 7, kwa juu kuna kioo cha duara kinachoonyesha rangi na namba, kila kasi ya sampuli (idadi ya zile namba kwa sekunde) ina rangi yake, ukiiona usiku taa zimezimwa inapendeza kweli. Inachemka kiasi, ukiweka kiganja juu unasikia joto, kwa hiyo usije ukaibananisha kwenye kabati la TV lenye milango. Nyuma ina matundu ya kuingizia muziki: USB, optiko mbili, koaxial nne za BNC, AES moja, na matokeo ya kwenda kwenye amplifaya, RCA (zile pini nyekundu na nyeupe) na XLR. Mbele kuna tundu la hedifoni la milimita 6.35.

Aliyeibuni anaitwa Rob Watts, na hapa ndipo mimi napopenda hii mashine kwa dhati. DAC nyingi, hata za bei mbaya, wanachukua chipu iliyotengenezwa tayari na AKM wa Japani au ESS wa Marekani, wanaizungushia pawasaplai nzuri, boksi zuri, biashara inaanza. Watts hachukui chipu ya DAC ya mtu. Anachukua FPGA, kwenye DAVE ni Spartan-6 ya Xilinx, ile ni chipu isiyo na kazi maalum mpaka wewe uiandikie kazi, na yeye kaiandika mwenyewe kuanzia filta, yaani hesabu ya kuchora wimbi kutoka kwenye zile namba, mpaka mwisho, na sehemu ya kutolea umeme ni saketi ya vipande 20 ambayo nayo kaibuni yeye. Hiyo ni kazi ya miaka na miaka ya mtu mmoja anayefuata wazo lake, na hata ukija kusema sauti yake haina tofauti na nyingine bado lazima uiheshimu.

Wazo lenyewe ni hili. Claude Shannon kwenye makala yake ya 1949 alionyesha kwamba kama sauti haina kitu chochote juu ya nusu ya kasi ya sampuli, basi kutoka kwenye zile sampuli unaweza kulirudisha wimbi lote kamili, hata sehemu zilizo katikati ya sampuli na sampuli, siyo kukisia, kamili. Ila kuna sharti: filta inayofanya kazi hiyo inatakiwa iwe ndefu bila mwisho. Hakuna mashine ya hivyo. Chipu za kawaida zina filta ya tapu mia chache tu, tapu moja ni namba moja ya kuzidisha na kujumlisha, na wahandisi wengi wanasema hizo zinatosha kwa masikio ya binadamu. Watts yeye anasema hazitoshi, anasema ukikata filta fupi unaharibu muda, yaani ule wakati kamili ambao ngoma inapigwa au uzi unaguswa, na ubongo unatumia huo muda kujua chombo ni kipi na kipo wapi. DAC yake nyingine, Hugo ya 2014, ilikuwa na tapu 26,000, DAVE ina 164,000, na 2018 wakatoa boksi la kuongezea linaitwa M Scaler lenye tapu zaidi ya milioni moja.

Wanaompinga nao wana hoja nzito. Watu wengi wanadhani kwa vile sampuli za CD zimeachana kwa mikrosekunde 22.7 basi CD haiwezi kubeba tofauti ya muda iliyo ndogo kuliko hapo, siyo kweli, sauti iliyochujwa vizuri inabeba tofauti ndogo kuliko hiyo mara nyingi sana, hesabu ipo wazi. Kwa hiyo ubishi unabaki kwenye kosa dogo linaloachwa na filta fupi, kama linasikika au halisikiki, na hilo hulimalizi kwa kubishana, unakaa unasikiliza, tena unasikiliza kwa utaratibu.

Ya kwangu ya kila siku ni RME ADI-2 DAC, ya Ujerumani, inacheza karibu euro 1,000, siyo hela ndogo kwa Mtanzania lakini ukiiweka pembeni ya DAVE ni kama sehemu ya tisa. Yangu ni toleo lenye chipu ya AKM. Mnakumbuka Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua, moto ukachukua siku kadhaa, dunia nzima ya vifaa vya sauti ikatikisika, RME wakalazimika kuhamia chipu ya ESS. Nimeilinganisha DAVE na hiyo kwa sababu ndiyo naijua kila kona.

Kabla ya kusikiliza kuna suala la umeme na kelele, na hili kwa mazingira yetu watu walitilie maanani kuliko hata aina ya DAC. Vyote vipo kwenye stabilaiza. Nikichomeka laptopu kwa USB kwenye RME huku laptopu ipo kwenye chaja, spika zinatoa mngurumo mdogo, hezi 50 ile ya umeme wa ukutani na zile za juu yake 100, 150. Chanzo ni chaja. Chaja za pini mbili zisizo na ethi huwa zinavujisha umeme kidogo sana kupitia kapasita ya kuzuia kelele, umeme ule unatafuta njia ya kwenda ardhini, unapita kwenye waya wa USB, unaingia kwenye DAC, unatokea kwenye nyaya za RCA mpaka kwenye amplifaya yenye ethi, na njiani unakuachia mngurumo. Chomoa chaja, kimya. Tumia optiko, kimya, kwa sababu optiko ni mwanga, haupitishi umeme. DAVE kwa laptopu ile ile na chaja ile ile ilikuwa kimya hata kwa USB, maana ingizo lake la USB limetenganishwa kiumeme na saketi nyingine za ndani. Hiyo ni tofauti ya kweli, unaisikia bila kubishana na mtu, na nampa Watts alama zake zote hapo. Ila pia ni tofauti unayoweza kuipata kwa waya wa optiko wa bei ya chipsi kuku.

Sasa volyumu. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili vinavyofanana, kimoja kina sauti juu kidogo tu, desibeli moja au hata nusu, halisemi "hiki kina sauti kubwa", linasema hiki kina uhai zaidi, besi imeshiba, mwimbaji yupo karibu. Ni mwili wetu ulivyo, hata uwe na uzoefu gani. Na DAC hazitoi volti sawa. Kiwango cha kawaida cha RCA ni volti 2 lakini kila mtengenezaji anajipangia, RME ukiiweka kwenye +7 dBu inatoa volti 1.73, DAVE kwenye hali yake ya kawaida ya DAC inatoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukichomoa moja ukachomeka nyingine bila kupima, umeshajipa jibu kabla wimbo haujaanza, na ukisema ya milioni 25 ina sauti nene zaidi utakuwa unasema kweli, ila unene wenyewe ni wa volti.

Nilienda kwa fundi wangu wa redio Kariakoo nikamwelezea nataka kiboksi, viingilio viwili vya RCA, kitokeo kimoja, swichi ya kugeuza, na volyumu ndogo kwenye kiingilio kimoja nipunguze kwa nywele nywele. Akaniangalia, akasema "mkuu hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu, ila kwa nini usitumie rimoti?" Nikamweleza. Akanitengenezea, akatumia potenshometa nzuri aliyoitoa kwenye amplifaya ya zamani, kalehemu safi kabisa, sina cha kusema.

Kupima kwenyewe ni hivi, na yeyote mwenye mita ya fundi umeme anaweza. Unacheza mlio wa jaribio, mlio mmoja usiobadilika, kutoka kwenye faili. Mita za bei rahisi zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani, zikipewa hezi 1,000 nyingi zinadanganya, kwa hiyo cheza mlio wa hezi 50 au 60 ambao mita inauelewa. Weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye pini ya katikati ya RCA, nyingine kwenye pete ya nje, mkono usitetemeke maana ukiunganisha pini na pete umepiga shoti tokeo la DAC. Soma. Geuza swichi, soma ya pili. Shusha ile iliyo juu mpaka mita isome sawa, halafu rudia upande wa pili, kushoto na kulia. Unatafuta tofauti isizidi desibeli 0.1, ambayo kwa volti ni karibu asilimia 1.2, yaani kama moja inasoma 1.73 nyingine isipite 1.75. Ukifika hapo ndiyo umeanza kazi.

Na kwa makusudi kabisa nilifanya jaribio la kuonyesha hili. Shemeji yangu hana habari na DAC, ila ni mpiga kinanda kanisani na ana sikio zuri kuliko langu. Nikamwambia kuna A na B, sema ipi unaipenda. Nikaiweka DAVE juu kwa desibeli moja, akachagua DAVE, akasema kwaya imefunguka. Baadaye nikageuza, RME juu kwa desibeli moja, akachagua RME, na maneno karibu yale yale, kwaya imefunguka, sauti ya pili inasikika vizuri. Nikaziweka sawa. Akakaa muda mrefu, akarudisha rudisha, akasema "shemeji, hapa unanipa kitu kimoja mara mbili."

Mimi mwenyewe nilianza kwa kusikiliza huku najua ipi inapiga, volyumu zikiwa sawa. Nilianza na taarabu ya Unguja, ile ya zamani yenye kundi zima, fidla, kanuni, udi, akodiani, kwa sababu kanuni ikipigwa uzi mmoja unaanza kwa mpasuko mdogo halafu unafifia taratibu ukiingia kwenye ukumbi, na kama mashine inafuta vitu vidogo utaona mwisho wa uzi unakatika mapema. Kwenye DAVE niliusikia ule uzi mpaka mwisho, nikasikia kidole cha mpiga udi kinavyoteleza kabla ya nota, nikasikia mpiga fidla wa pembeni anavyochelewa nukta moja nyuma ya wenzake, nikasema moyoni hii ndiyo ile hewa kati ya vyombo wanayoandika watu. Ni furaha kubwa, siidharau. Halafu nikageuza swichi kwenda RME, wimbo ule ule, sehemu ile ile, na vyote vilikuwepo. Uzi, kidole, fidla inayochelewa.

Kisha nikaenda kwenye muziki wa dansi, zile rekodi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) zilizofanyika studio za Barabara ya Pugu miaka ya sabini. Nyingi ni mono, kwenye tepu, bendi nzima imesimama chumba kimoja, na mafundi mitambo wa wakati ule walikuwa wanajua kazi, magitaa yamepangana vizuri ajabu, besi inatembea, tarumbeta zipo nyuma kidogo ili zisimfunike mwimbaji. Nakala iliyotolewa vizuri kutoka kwenye tepu mama ni tamu kwa DAC yoyote nzuri. Ila nyingi tulizonazo siyo hizo, ni kaseti ya kaseti ya kaseti iliyopandishwa YouTube, trebo imekufa, kasi inayumba, na juu yake YouTube imezibana tena, hapo hata uweke DAVE na M Scaler juu yake hakuna namba itakayorudisha kilichopotea kwenye kichwa kichafu cha redio kaseti mwaka 1988. Natamani kweli hela zinazokwenda kwenye mashine kama hizi sehemu yake iende kwenye kuzitoa zile tepu za maktaba ya RTD, ambazo sasa zipo TBC, zitolewe kwa mashine nzuri, tuzinunue kihalali. Hapo tungesikia tofauti ambayo haihitaji mita.

Baada ya hapo ndiyo jaribio la kutojua. Mke wangu anakaa nyuma ya kochi na kiboksi, anarusha sarafu, anaandika kwenye daftari, mimi naangalia ukuta. Kijistrima changu, kile kiboksi cha kuchezea muziki, kinatoa optiko na koaxial kwa pamoja, optiko inaenda RME, koaxial inaenda DAVE kwa kiunganishi cha BNC. Kuna mtego hapa: filta ndefu inachelewesha sauti, kwa hiyo ukigeuza swichi wimbo ukiendelea, DAVE inasikika ikiwa nyuma kidogo na unaijua hapo hapo bila kusikiliza ubora wowote. Ikabidi wimbo usimamishwe kila mara na kuanza tena palepale. Tulifanya kwa jioni kadhaa, siyo kwa mkupuo, kwa sababu sikio likichoka linaanza kubuni. Kwa spika nilipatia karibu nusu, nikakosea karibu nusu, yaani sawa na ile sarafu aliyokuwa anairusha.

Na hili siyo la masikio yangu peke yake. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la AES, chama cha wahandisi wa sauti, jaribio walilolifanya Marekani, walichukua rekodi za ubora wa juu za SACD na DVD-Audio, wakazilinganisha na zenyewe zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, majaribio 554, majibu sahihi 276, asilimia 49.8. Upande wa pili kuna Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, 2016 alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata asilimia 52.3, na waliofundishwa nini cha kusikiliza walifika karibu 60. Hizo tafiti zilihusu kasi na biti, hazikulinganisha DAC mbili kama nilivyofanya mimi, lakini ukubwa wa kitu unachokitafuta unauona: kama kipo, ni chembamba sana, na mtu anayekuambia kalisikia akiwa jikoni anakaanga vitunguu mwambie apime volti kwanza.

Halafu tuangalie chumba. DAVE ina masafa ya desibeli 127.5 kutoka kelele yake ya chini mpaka sauti yake ya juu, CD ina 96. Sebuleni kwangu feni ikizunguka, bodaboda zinapita, jokofu linawaka, kelele ya chumba yenyewe ni karibu desibeli 40, na mimi sisikilizi juu ya 90. Nafasi niliyonayo ni ya desibeli 50. Na sebule zetu tunavyozijenga, kuta za tofali za simenti, sakafu ya tailizi, dirisha kubwa la aluminiamu, piga kofi moja katikati utasikia linavyojirudia trrrr. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inasafiri karibu mita 349 kwa sekunde, sebule yangu ina urefu wa mita 4, maana yake kuna besi ya hezi 44 hivi inayokwama kati ya ukuta na ukuta, na nilivyoweka kipaza sauti cha kupimia na programu ya REW, ambayo ni ya bure, pale kwenye 44 kuna mlima wa zaidi ya desibeli 10. Desibeli 10! Wakati DAVE na RME kwenye masafa yote tunayosikia hazipishani hata nusu desibeli. Zulia zito, mapazia mazito mpaka chini, kabati la vitabu nyuma ya kochi, na kusogeza spika nusu mita kutoka ukutani, vilibadilisha muziki wangu kuliko kifaa chochote nilichowahi kuchomeka, na ule mlima nimeupunguza kwa ekwalaiza ya RME, ambayo DAVE haina.

Kwa hedifoni mambo yanasogea kidogo, kwa sababu chumba kinaondoka. Nilipima volti kwenye tundu la hedifoni vile vile, nikazisawazisha. Hapo kwenye zile taarabu, hasa mwanzo wa uzi wa kanuni, kuna nyakati nilikuwa naegemea upande wa DAVE na naegemea kwa haki, jioni nyingine naegemea tena na siyo yenyewe. Siwezi kusema nimeisikia tofauti kwa uhakika wa kuweka hela mezani, siwezi pia kusema haipo. Ninachoweza kusema ni kwamba DAVE kama DAC na amplifaya ya hedifoni kwa pamoja ni raha kuitumia, kimya kabisa, ina nguvu, na mtu anayesikiliza kwa hedifoni usiku kucha na hela anayo na amependa kazi ya Watts, anunue kwa amani, anapata kitu kilichofikiriwa mpaka skrubu ya mwisho.

Lakini anayeniuliza ana milioni 25 na sistimu yake ndiyo anaianza, namjibu hivi: nunua spika za maana kwanza, maana spika zinapishana kwa desibeli nyingi na upotoshaji wa asilimia nzima wakati DAC zinapishana kwenye sifuri za nyuma ya nukta, kisha chumba, kisha amplifaya inayoziweza hizo spika, stabilaiza, ethi ya nyumba ikaguliwe na fundi anayejua, kisha DAC safi ya bei ya kawaida yenye ekwalaiza, na chenji itakuwa bado ipo ya kununulia muziki wenyewe.

Jamaa wa Kigamboni ananiuliza sasa aiuze au abaki nayo. Nimemwambia abaki nayo, kwa hela ya mtumba atakayopewa hapa mjini hatapata anachokipenda kama anavyokipenda hicho, ila kabla fundi hajafunga dari ya sebule yake amwambie aache nafasi ya sufi ya mawe, ile ya kufyonza sauti, nyuma ya zile mbao, na tailizi zile za kung'aa alizozichagua atafute zulia la kuzifunika. Kiboksi cha fundi nitampelekea nacho.